Ndege Haipishi Msafara

Dereva wa Serikali hufundishwa mambo mengi tangu siku anapokabidhiwa ufunguo. Hufundishwa alama za barabarani, utunzaji wa gari na kujaza kitabu cha safari, na juu ya yote hayo hufundishwa kumfikisha mkubwa wake kwa wakati. Katika barabara ya lami itokayo Bariadi kwenda Lamadi, yapata kilomita 72, dereva huyo huzoea kupishwa. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe huwasogeza wanyama wake kando, lori la marobota ya pamba hupunguza mwendo, kijana wa bodaboda huteremka hata majanini, yote hayo kwa sababu wameiona bendera juu ya boneti au wamesikia king'ora cha msafara. Hatuna ugomvi na desturi hiyo, maadam inafuatwa kwa kiasi. Lakini iko ardhi moja ambayo desturi hiyo hugeuzwa juu chini, nayo ni ardhi iliyo ndani ya uzio wa kiwanja cha ndege. Akishavuka lango lile, dereva hana tena mkubwa kwenye kiti cha nyuma. Mkubwa wake ni mnara wa kuongozea ndege, na mstari wa rangi ya manjano uliochorwa chini.

Twalizungumza jambo hili kwa kuitazama Simiyu, mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa za Shinyanga na eneo la Busega lililokuwa la Mwanza. Simiyu iliingizwa katika orodha ya viwanja 11 vya mikoa vilivyofanyiwa upembuzi na usanifu, pamoja na Lake Manyara, Musoma, Tanga, Songea, Iringa, Kilwa Masoko, Lindi, Moshi, Njombe na Singida. Orodha hiyo ilipokelewa kwa furaha, na kwa haki. Mkulima wa pamba, mgonjwa wa rufaa, mtalii aendaye Serengeti kwa lango la magharibi, wote wana sababu ya kukitaka kiwanja. Hata hivyo, katika vikao vyetu vingi kiwanja huzungumzwa kana kwamba ni lami, jengo na uzio tu. Huulizwa urefu wa njia ya kurukia, hesabu ya fidia, na jina litakaloandikwa langoni. Ni nadra kusikia mjumbe akiuliza: nani ataendesha gari ndani yake, na amefundishwa na nani?

Msomaji wetu wa Unguja, Pemba, Mafia au Ukerewe huenda akasema kwamba Bariadi iko mbali naye. Hapana. Kwanza, usafiri wa anga umo katika orodha ya Mambo ya Muungano, na kanuni zinazomhusu dereva wa Bariadi ndizo zinazomhusu dereva wa Chake Chake. Pili, mtu wa kisiwani ndiye anayejua kuliko sote maana ya kiwanja kufungwa. Bahari inapochafuka na meli zikakaa bandarini, mgonjwa wake hana njia nyingine ila ndege. Na njia ya kurukia ikizibwa na gari lililogongwa, hata asubuhi moja tu, kisiwa kizima kimefungiwa mlango. Tatu, viwanja vya visiwani viko mlangoni mwa makazi. Pale Kilindoni, Mafia, mji na kiwanja ni majirani wa kugusana mabega. Huko Gibraltar, ambako ardhi ni haba kuliko yetu, barabara kuu ya mji ilipita katikati ya njia ya ndege kwa miaka mingi, na kila ndege ilipokaribia vizuizi viliteremshwa, magari yakapanga foleni kama kwenye njia ya reli, liwe la tajiri au la muuza samaki. Njia ya chini kwa chini ya magari ilifunguliwa mwaka 2023 tu. Watu wale walikaa salama na hatari mlangoni mwao kwa sababu hakuna aliyeachiwa kupita kwa cheo.

Yafaa tufanye hesabu ndogo, maana wengi hudhani rubani anaweza kufunga breki kama dereva wa basi. Ndege kubwa ya abiria hugusa ardhi ikiwa na mwendo wa yapata kilomita 250 kwa saa, yaani takriban mita 70 kwa kila sekunde. Gari linalotaka kuvuka njia ya kurukia hutakiwa kusubiri umbali wa mita 75 hadi 90 kutoka katikati ya njia hiyo katika viwanja vinavyopokea ndege za namna hiyo. Basi dereva akianza kuvuka kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, atatumia karibu nusu dakika mpaka afike upande wa pili penye usalama. Katika nusu dakika hiyo ndege imekwenda kilomita mbili. Ile nukta nyeupe aliyoiona mbali angani wakati anaingiza gia, akasema moyoni kuwa bado iko mbali, tayari imefika. Na kwa ndege inayoondoka, iko hatua katika mbio zake ambayo rubani akishaipita hawezi tena kusimama salama. Hana budi kuruka, hata akiona gari mbele yake. Mtu wa pwani hashangazwi na hili. Katika mlango mwembamba wa bandari ngalawa ndiyo huipisha meli, kwa kuwa ngalawa hugeuka kwa kasia moja na meli haigeuki.

Historia ya dunia ina kumbukumbu za kutosha. Ajali kubwa kuliko zote katika usafiri wa ndege, iliyoua watu 583 kisiwani Tenerife tarehe 27 Machi 1977, ilitokea ardhini: ndege mbili za aina ya Boeing 747 zilikutana juu ya njia moja, ndani ya ukungu, baada ya maneno ya simu ya upepo kutoeleweka sawasawa. Hapo zilikuwa ndege kwa ndege. Lakini ziko ajali ambazo mshirika mmojawapo ni gari la kawaida, na hizo ndizo zinazotuhusu leo.

Mjini Omsk, katika iliyokuwa Muungano wa Kisovieti, alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 1984, magari ya matengenezo yaliruhusiwa kuingia katika njia ya kurukia ili kuikausha baada ya mvua. Mwongoza ndege aliyetoa ruhusa hakuwasha alama ya kuonyesha kwamba njia ina watu, kisha akapitiwa na usingizi. Ndege ya Tupolev ikapewa idhini ya kutua juu ya magari hayo. Walikufa watu 174 waliokuwa ndani ya ndege na wafanyakazi wanne waliokuwa chini. Mtu hupenda kumlaumu yule aliyelala, na lawama ni yake. Lakini msomaji atazame pia upande wa magari: mtu aliyepewa ruhusa ya kuingia hapaswi kudhani kwamba ruhusa hiyo inakumbukwa milele. Hukaa akisikiliza simu yake ya upepo, taa yake ya juu ikiwaka, macho yake upande zinakotokea ndege.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014, katika kiwanja cha Vnukovo mjini Moscow, gari la kuondoa theluji lilipotea njia likaingia mahali lisipotakiwa. Ndege ndogo iliyokuwa ikiondoka ikaligonga, wakafa wote wanne waliokuwa ndani ya ndege. Miongoni mwao alikuwamo Christophe de Margerie, mkuu wa kampuni kubwa ya mafuta ya Ufaransa, Total. Katika dunia ya biashara walikuwa wachache wenye cheo kama chake. Dereva wa gari la theluji alinusurika. Gari moja lililopotea lilitosha kukatisha safari ya mtu ambaye mawaziri walimngojea sebuleni.

Ya tatu ndiyo itupasayo kuitafakari zaidi, kwa kuwa waliokosea walikuwa wakifanya kazi njema. Kanuni za kimataifa zinataka magari ya zimamoto ya kiwanja yafike mahali popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu, na ikiwezekana mbili. Tarehe 18 Novemba 2022, mjini Lima nchini Peru, askari wa zimamoto walikuwa wakifanya zoezi la kupima muda huo huo. Magari yalitoka kwa kasi, yakaingia katika njia ya kurukia bila idhini ya mnara, wakati ndege ya Airbus yenye abiria 102 na wahudumu sita ilikuwa katika mbio za kuruka. Abiria wote walisalimika. Askari wawili walikufa papo hapo na wa tatu alifariki baadaye kwa majeraha. Walikuwa watu waliozoea kukimbilia hatari ili kuwaokoa wengine. Na zoezi lao lilipangwa bila kila mhusika kuwa na uelewa mmoja wa lini na nani atatoa ruhusa.

Sasa, dereva afundishwe nini? Ajue kwanza kwamba kiwanja kina sehemu tatu zisizolingana kwa hatari. Yapo maegesho ya ndege, ambako magari ya mizigo, mafuta na ngazi huzunguka. Vipo viungio, yaani barabara ambazo ndege hupita kwa taratibu kutoka maegeshoni. Na ipo njia yenyewe ya kurukia na kutua. Rangi zitamwambia aliko hata kama ni mgeni: michoro ya njia ya kurukia ni meupe, ya viungio ni manjano. Usiku taa za kando za viungio ni za buluu, na za kando za njia ya kurukia ni nyeupe. Dereva ajikutaye usiku kati ya safu mbili za taa nyeupe, asiyekumbuka kupewa ruhusa, ajue kwamba amekaa juu ya kaburi lililokwisha kuchimbwa. Atoke kwanza, maelezo baadaye.

Mstari muhimu kuliko yote huchorwa kwenye kiungio kabla ya kufika njia ya kurukia. Ni mistari minne ya manjano, miwili mizima na miwili iliyokatika katika. Anayekutana kwanza na ile mizima asimame, asiivuke hata kwa tairi moja bila ruhusa. Anayekutana kwanza na iliyokatika anatoka njia ya kurukia, na yeye apite upesi asije akaacha sehemu ya nyuma ya gari lake ndani. Kando yake huwekwa bango jekundu lenye maandishi meupe, na juu yake tarakimu za njia hiyo. Tarakimu hizo si namba za bahati nasibu. Ni dira. Kiwanja cha Unguja kina 18 na 36, yaani njia imelala kusini na kaskazini, nyuzi 180 na 360. Cha Mwanza kina 12 na 30. Baharia wa Unguja atalielewa hilo kabla ya mhitimu wa chuo kikuu. Dereva naye alijue, maana akiambiwa na mnara kwamba ndege inatua njia ya 12 lazima afahamu itatokea upande gani wa mbingu.

Simu ya upepo ikizimika, mnara hautakaa kimya; utasema kwa taa. Kijani ya kumetameta maana yake dereva aweza kuvuka au kuingia kwenye kiungio. Nyekundu isiyometameta: simama. Nyekundu ya kumetameta: ondoka kwenye njia ya kurukia au kiungio, na uangalie ndege. Nyeupe ya kumetameta: toka kabisa katika eneo la mwendo wa ndege. Na taa za njia nzima zikianza kuwaka na kuzimika, hilo ni agizo la kuondoka hapo na kuutazama mnara. Alama nne au tano hizi zaweza kuandikwa kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja na kubandikwa mbele ya usukani. Gharama yake ni ya karatasi na gundi.

Kuhusu simu ya upepo yenyewe, tuna mfano karibu nasi. Aliyesoma chuo cha Kurani anajua kwamba mwalimu hasemi aya akaondoka. Husema, mwanafunzi hurudia, na herufi moja ikikosewa hurudishwa mwanzo, hata jua likichwa. Mwanafunzi hajibu "nimesikia". Angejibu hivyo, mwalimu angecheka au angefanya jambo lisilochekesha. Ndivyo inavyotakiwa kati ya dereva na mnara. Akiambiwa asimame kabla ya njia ya 12, arudie maneno hayo hayo pamoja na jina la gari lake. Akiambiwa avuke, arudie kwamba anavuka, na akimaliza aseme ametoka. "Sawa bosi" na "poa", maneno tuliyoyazoea mitaani, hayana nafasi hapo, kwa kuwa hayamwambii mwongoza ndege kama kilichosikika ndicho alichokisema. Hayo ya Tenerife yalianzia katika uzembe wa namna hiyo wa lugha, na waliokuwa wakizungumza walikuwa mabingwa wa kazi yao.

Maegeshoni hatari ni za mwendo mdogo, na kwa hiyo hudharauliwa. Injini ya jeti inayonguruma huvuta kwa mbele na kusukuma kwa nyuma, na msukumo wake waweza kulipindua gari dogo. Taa nyekundu ya kumetameta juu na chini ya ndege huashiria kwamba injini zinawaka au ziko karibu kuwashwa. Hapo gari lisipite nyuma. Bawa la ndege liko juu ya kichwa cha dereva, mahali asipozoea kutazama. Hakuna kurudi nyuma kuelekea ndege bila mtu wa kuongoza aliyesimama mahali anapoonekana. Hakuna kuegesha mbele ya lango la gari la zimamoto, hata kwa "dakika moja tu", dakika ambayo katika nchi yetu haina idadi kamili ya sekunde.

Na kuna suala la matairi. Gari lililotoka kwenye changarawe za Itilima au matope meusi ya Meatu hubeba mawe katikati ya mistari ya tairi, na mawe hayo hudondoka juu ya lami safi. Jiwe dogo likivutwa na injini huharibu mtambo wa mabilioni ya shilingi. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, ndege ya Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege iliyotangulia. Tairi likapasuka, tangi la mafuta likatobolewa, wakafa watu 113. Kipande kile chembamba kilikuwa na urefu usiofika nusu mita. Kwa hiyo mlinzi wa lango anayemwambia dereva ashuke akague matairi hamsumbui mtu, na dereva anayeokota msumari maegeshoni akautia mfukoni amefanya kazi ya maana.

Tumesema juu ya lami. Lakini katika mikoa kama Simiyu hatuwezi kusahau viwanja vidogo vya changarawe na majani, visivyo na mnara wala taa, hasa vile vya maeneo ya uhifadhi pembezoni mwa Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti. Huko dereva ndiye mnara. Kwa desturi ya viwanja vya porini, gari hutangulia kupita njia nzima kabla ya ndege kufika, kuwafukuza nyumbu na pundamilia, kutazama mashimo ya ngiri, na kuona kama mvua imeacha tope. Kazi hiyo ifanywe taa zikiwaka na ikamilike mapema. Dereva akishamaliza atoke kabisa, akae kando ya mfuko wa upepo, ambapo rubani anapotafuta upepo atamwona na yeye. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni dereva kuifuata ndege kwa nyuma pindi inapogusa chini, akishindana na vumbi, ili abiria wake wasichelewe. Kosa jingine ni kusogeza gari chini ya bawa panga likiwa bado linazunguka. Panga linalozunguka kwa kasi halionekani. Mwenye kuliona limesimama ndiye peke yake aliyeliona.

Pia kuna wafugaji. Uwanja wa majani ni malisho, na mfugaji wa Kisukuma haoni sababu ya kuacha majani mazuri kwa ajili ya ndege ijayo mara moja kwa juma. Kumtoza faini bila kumweleza ni kazi bure. Serikali za vijiji zipewe ratiba, na mtu wa kijijini aajiriwe kuwaondoa ng'ombe kwa utaratibu, badala ya Land Cruiser kuwakimbiza kwa honi mpaka wakakatiza njia yenyewe ya ndege.

Helikopta ni mlango mwingine. Wakati wa kampeni za uchaguzi hutua katika viwanja vya mpira, na kila mwenye gari hutaka kulisogeza ili mheshimiwa asikanyage vumbi. Matokeo yake ni kwamba vumbi humpofusha rubani katika mita za mwisho, na panga la mkia, ambalo liko kwenye kimo cha mtu, huzungukwa na magari na watoto. Sisi wa Chama hatuwezi kujitoa katika hili. Makada ndio wapangaji wa mapokezi hayo, ndio wanaowaita watu wakaribie. Maagizo ya kuwa mbali yatolewe kwa kipaza sauti kabla helikopta haijaonekana, na magari yawe upande mmoja tu, mbele ya rubani, anakoweza kuyaona.

Hapo tumefika kwenye kiini. Kanuni zote tulizozitaja zinajulikana, zimeandikwa, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, Bara na Zanzibar, zina wataalamu wa kuzifundisha. Kinachozivunja ni aibu ya mlinzi. Mlinzi wa lango hupokea mshahara mdogo. Mbele yake husimama magari tisa yenye vioo vyeusi, na ndani ya la kwanza yumo msaidizi anayeuliza kwa ukali: "Hujui hili ni gari la nani?" Mlinzi anajua ni la nani, na ndiyo maana hufungua. Dereva wa gari la saba hana kibali, hajawahi kuona mistari minne ya manjano, na anachojua ni kulifuata la sita. La sita likipotea, yeye amepotea pia.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na dharau kwa viongozi, na wengi wetu tulikaririshwa hayo tungali vijana. Majivuno hayapo katika hotuba peke yake. Yamo pia katika kutaka gari lifike kwenye ngazi ya ndege ilhali miguu ni mizima. Kiongozi anayemwamuru dereva wake avuke mstari anamtwisha mtu mnyonge uchaguzi wa ama kupoteza kazi ama kuhatarisha roho za watu. Dereva apewe kinga kwa maandishi: ndani ya uzio, amri ya mnara na ya mlinzi inatangulia amri ya abiria wake, na hataadhibiwa kwa kuitii.

Kwa Simiyu, kazi yaweza kuanza bila kungoja chochote. Katibu Tawala wa Mkoa anazo orodha za madereva wa Serikali katika wilaya zote tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Achague wachache kwa kila ofisi, wapelekwe Mwanza wakafunzwe ndani ya kiwanja chenyewe, mchana na usiku, wapewe mtihani wa ramani na wa simu ya upepo, na atakayeshindwa arudie. Wengine wote wabaki nje ya uzio, hata kama gari ni jipya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkoani liingizwe katika mafunzo hayo hayo, kwa kuwa gari lake litaitwa kutoka mjini siku ya shida, na dereva asiyejua viungio atapoteza zile dakika tatu akiuliza njia. Ndugu zetu wa viwanja vya kando ya maji wana zoezi la ziada. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43 ambao 19 kati yao walipoteza maisha, wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao. Kiwanja kinachoishia majini kinahitaji boti na gari, na barabara ya kwenda ufukweni isiyozibwa na magari ya watazamaji.

Ibaki hesabu ya msafara. Pendekezo letu ni kwamba katika viwanja vya mikoa magari yasiyozidi mawili yaruhusiwe maegeshoni kumpokea kiongozi, yote yakiwa na kibali, taa ya manjano ya kumetameta juu, na gari la kiwanja likiyatangulia. Yaliyobaki yamngojee upande wa barabara, mbele ya jengo la abiria, pamoja na wazee wa mji, vikundi vya ngoma na waandishi wa habari. Kutoka ngazi ya ndege mpaka mlango wa jengo hilo, kwa kiwanja cha kadiri ya mkoa wetu, ni mwendo wa miguu wa dakika mbili au tatu.